Bure Ipi? Programu za Kompyuta za Nyumbani kutoka Kasulu hadi Mabamba

Neno lenye sura mbili

Mkanganyiko unaozunguka programu za kompyuta zinazopakuliwa bila malipo huanzia kwenye neno lenyewe. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya kutolipiwa na maana ya kuwa huru, na kwa sababu hiyo wanaharakati wa programu huria wamelazimika kueleza kwa zaidi ya miaka 40 kwamba wanachozungumzia ni uhuru, si bei. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa "huru" na "bure" ni maneno mawili yasiyokutana. Lakini kina tatizo lake, maana "bure" ni kisicholipiwa na vilevile ni kisicho na faida, kama inavyosikika katika "kazi bure" au "mtu bure". Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba mjini Kibondo anapoambiwa kwamba programu fulani ya kuandikia barua ni ya bure, husikia mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba hatatoa shilingi, na kwamba huenda kitu chenyewe si cha maana, ndiyo sababu hakiuzwi. Matokeo yake yanashangaza kidogo, kwani programu ambayo watengenezaji wake wameruhusu kila mtu aigawe hutiliwa shaka, ilhali programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli huaminiwa kwa kuwa inajulikana kwamba dukani ina bei kubwa.

Swali linalochambuliwa hapa ni namna ya kuzihakiki programu hizo kwa ajili ya kompyuta za nyumbani katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo na kata za mpakani kama Mabamba, ambako vigezo vinavyotumiwa na wahakiki wa nchi zenye intaneti ya kasi na umeme usiokatika havitoshi, na mara nyingine hupotosha.

Chimbuko la programu huria

Mnamo Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU uliolenga kuandika mfumo endeshi mzima, yaani ile programu kuu inayoziendesha programu nyingine zote, ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuunakili na kuurekebisha. Mwaka 1985 aliunda taasisi ya kuusimamia mradi huo, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo inamtaka anayegawa programu, iwe jinsi ilivyo au baada ya kuirekebisha, awape wapokeaji haki zilezile alizopewa yeye. Kiini cha mfumo, kinachoitwa Linux, kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Haki zinazodaiwa na harakati hiyo ni nne: kuitumia programu kwa lengo lolote, kuisoma na kuibadilisha kupitia msimbo chanzo, ambao ni maandishi ya awali aliyoyaandika mtunzi wa programu, kugawa nakala zake kwa wengine, na kugawa nakala zilizorekebishwa. Haki ya tatu ndiyo itakayorejewa zaidi katika uchambuzi huu.

Afrika haikuwa mtazamaji tu katika habari hizi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, akaupa jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua katika neno "utu". Kwa mkazi wa Mabamba jina hilo lina mlio wa ziada, kwa kuwa katika Kirundi, lugha ya Burundi, ng'ambo ya mpaka, iliyo ndugu wa karibu wa Kiha cha wenyeji, kupewa kitu "ku buntu" ni kupewa bila malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows katika muongo huo. Jitihada zote mbili hazikuenea kama ilivyotarajiwa, na sababu moja haikuwa ubora wa tafsiri bali mazoea: aliyejifunza kompyuta kwa menyu za Kiingereza chuoni hulazimika kujifunza upya mahali pa kila amri, na fundi anayemsaidia amejifunza kwa Kiingereza pia.

Aina zinazochanganywa

Chini ya neno "bure" zimekusanywa aina nne za programu zisizofanana kisheria wala kiusalama.

Ya kwanza ni programu huria zilizokwisha kuelezwa, mfano LibreOffice ya kuandika na kukokotoa, iliyojitenga na OpenOffice mnamo Septemba 2010 baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice hiyo. Humu imo pia VLC ya kuchezea filamu na muziki, ambayo asili yake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris. Imo vilevile 7-Zip ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Ya pili ni programu zisizolipiwa lakini zilizofungwa, ambazo mwenye nazo humruhusu mtu kuzitumia bila kumpa haki ya kuzichunguza, na mara nyingi bila kumruhusu kuzigawa. Humu zimo kingavirusi nyingi za bure na kivinjari cha Chrome. Ya tatu ni za majaribio, ambazo hutolewa kwa muda kisha hudai malipo, na mfano wake maarufu ni WinRAR, ambayo siku zake 40 za majaribio huisha na programu ikaendelea kufanya kazi huku ikikumbusha deni, jambo lililowafanya watumiaji wengi waamini kwamba ni ya bure. Ya nne ni programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, ambazo si za bure kwa maana yoyote isipokuwa kwamba aliyezichukua hakulipa.

Mpaka kati ya aina ya kwanza na ya pili huonekana mdogo mpaka pale masharti ya leseni yanaposomwa. Programu nyingi za aina ya pili huruhusiwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani tu. TeamViewer, inayomwezesha mtu kuiongoza kompyuta ya mbali, ni mojawapo. Sharti hilo limeandikwa kwa kudhani kwamba nyumba na ofisi ni mahali pawili. Katika miji midogo ya nyanda za juu kompyuta ileile ambayo usiku watoto huitazamia katuni ndiyo ambayo mchana huchapa barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi kwa malipo, na kwa hiyo mwenyewe anaweza kuwa mvunjaji wa leseni kila siku saa tatu asubuhi na mtumiaji halali kila siku saa mbili usiku. LibreOffice na VLC hazina sharti la namna hiyo.

Njia ambayo programu hupita

Wahakiki wa nje huchukulia kwamba kila mtumiaji hupakua programu yake mwenyewe. Katika kata kama Mabamba, iliyo zaidi ya kilomita 40 kutoka Kibondo mjini, mtu hupakua mara chache na hunakili mara nyingi. Intaneti hupatikana kwa bando la simu, na bando hupimwa kwa MB zinazoisha. Kisakinishi cha LibreOffice, yaani faili la kuiwekea programu kwenye kompyuta, kina takriban MB 350, na mfumo mzima wa Linux Mint unakaribia GB 3. Familia inayonunua bando la siku kwa ajili ya WhatsApp haiwezi kulitumia lote kwa faili moja. Kwa hiyo programu hupakuliwa na mtu mmoja mwenye intaneti nzuri, mara nyingi fundi au mwenye steshenari wa mjini, kisha husafiri kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, kwa utaratibu uleule unaotumika katika vibanda vya kurusha nyimbo.

Njia hiyo ina hasara inayojulikana na kila aliyewahi kupeleka flashi steshenari: virusi. Maarufu zaidi ni kile kinachoyaficha mafolda yote na kuweka mahali pake vijipicha vya njia ya mkato, ambavyo vikibofywa hukiamsha kirusi chenyewe. Mwenye flashi hudhani kazi zake zimefutwa, ilhali zimefichwa tu, na wapo waliozifuta wenyewe kwa kuifomati flashi kwa hofu. Kingavirusi ndiyo dawa inayotajwa kwanza, lakini kingavirusi isiyosasishwa, yaani isiyopokea orodha mpya ya virusi kutoka kwa mtengenezaji kila mara, haimtambui mgeni aliyekuja jana, na masasisho nayo yanataka bando.

Umeme ni jambo la pili. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na Gridi ya Taifa, na nyumba nyingi za vijijini bado huwaka taa kwa sola. Kompyuta ya mtumba, ambayo betri yake mara nyingi imekwisha nguvu kabla haijavuka bahari, huzimika mara umeme unapokatika.

Hoja zinazoshindana

Msimamo wa kwanza, ambao hausemwi hadharani lakini ndio unaotawala, ni kwamba programu iliyovunjwa kufuli ndiyo bora, kwa kuwa ndiyo inayofahamika na kila fundi na ndiyo inayofungua bila hitilafu mafaili yanayoletwa kutoka shuleni na ofisini. Nguvu ya hoja hii isidharauliwe. Barua iliyopangwa katika Word, ikifunguliwa kwa LibreOffice, inaweza kuhamisha jedwali au kubadili mwandiko, na mtu anayesubiriwa na mteja hana muda wa kusikiliza falsafa ya leseni. Udhaifu wake uko kwingine. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ingawa ukweli ni kwamba si rahisi kuona mlango wa nyumba ya Mabamba ukigongwa kwa sababu hiyo. Hatari iliyo karibu zaidi ni kwamba chombo cha kuvunjia kufuli, mfano kile kinachojulikana kama KMSPico, humtaka mtumiaji aizime kingavirusi kwanza ndipo kifanye kazi. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia kisha kuombwa ufumbe macho, na nakala nyingi zinazosambazwa kwa jina hilo zimekutwa zikibeba programu hasidi, yaani zile zilizotungwa kuiba au kuharibu. Zaidi ya hayo, wengi hunyamazisha masasisho ya Windows ili kufuli lisijifunge tena, na kompyuta hubaki na nyufa ambazo dunia nzima imekwisha kuambiwa zilipo.

Msimamo wa pili hutetea programu zisizolipiwa za kampuni kubwa, kwa hoja kwamba kampuni ina jina la kulinda na wataalamu wa kulipwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kampuni isiyomtoza mtumiaji hutafuta fedha mahali pengine. Avast, mojawapo ya kingavirusi za bure zilizoenea sana duniani, ilibainika kuwa ilikusanya taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa Januari 2020. Februari 2024 Kamisheni ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Wala ukubwa wa jina si ngao: mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya kisakinishi rasmi cha CCleaner, programu ya kusafishia kompyuta, na zaidi ya watu milioni 2 wakakipakua kutoka mahali palepale walipoambiwa ni salama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mtumiaji aliyebofya "nakubali" bila kusoma amejiwekea mwenyewe kikwazo cha kwanza cha kudai haki yake.

Msimamo wa tatu ni wa programu huria. Watetezi wake husisitiza kwamba msimbo ulio wazi hukaguliwa na macho mengi, na Machi 2024 walipata ushahidi, kwani Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, kipande kidogo cha kubania mafaili kinachotumika katika mifumo ya Linux, kwa kuwa aliona kompyuta yake inachelewa kwa takriban nusu sekunde. Kisa hichohicho, hata hivyo, kinashuhudia dhidi yao pia: kipande hicho kilikuwa kikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyechoka, na aliyekitega alijipenyeza kwa kujifanya msaidizi. Uwazi wa msimbo hauna faida mahali ambapo hakuna mtu mwenye muda wa kuusoma, na ni kweli kwamba huko Mabamba hautasomwa. Kuna pia ugumu wa mashine ya kuchapa: mwenye steshenari anayehamia Linux anaweza kukuta kwamba printa aliyoizoea haina kiendeshi, yaani programu ndogo inayoziunganisha printa na kompyuta.

Kinachosahaulika katika mabishano haya ni haki ya tatu, ile ya kunakili na kugawa. Kwa mtu wa Stockholm au Nairobi mwenye intaneti ya nyuzi, haki hiyo ni kanuni ya kimaadili isiyogusa siku yake, kwa kuwa kila mtu hupakua ya kwake. Mahali ambapo programu husafiri kwa flashi, haki hiyo ndiyo barabara yenyewe. Fundi wa Kibondo anaweza kuipakua LibreOffice mara moja, akaiweka katika kompyuta 50, akatoza ada ya kazi yake, na asiwe amevunja leseni yoyote. Akifanya hivyo kwa kingavirusi ya bure iliyofungwa, au kwa Word, hali ni nyingine kabisa.

Vipimo vinavyofaa

Uhakiki wa kawaida huuliza programu ina vitu vingapi na inapendeza kiasi gani. Kwa nyanda za juu maswali ya maana ni mengine, na la kwanza ni kama kisakinishi kimekamilika. Chrome, kwa mfano, humpa mtumiaji faili dogo ambalo likifunguliwa huanza kupakua sehemu iliyobaki. Likibebwa kwa flashi hadi mahali pasipo na mtandao halifanyi lolote, na anayetaka kulibeba ni lazima atafute kisakinishi kamili kinachotolewa kando. Firefox nayo hufanya vivyo hivyo kwenye Windows, ilhali VLC na LibreOffice hutoa moja kwa moja visakinishi kamili vinavyosafiri. Swali la pili ni programu inafanya nini umeme ukikatika: LibreOffice huweza kuagizwa ihifadhi nakala ya uokoaji kila dakika moja badala ya muda mrefu zaidi iliowekewa kiwandani, na badiliko hilo dogo lina thamani kuliko mapambo yote ya toleo jipya.

Swali linalostahili muda mrefu zaidi ni la chanzo. Mwezi Mei 2015 watunzaji wa GIMP, programu huria ya kurekebishia picha, walilalamika kwamba tovuti ya SourceForge ilikuwa ikigawa kisakinishi cha programu yao kikiwa kimefungwa pamoja na matangazo ambayo wao hawakuyaweka. Programu ilikuwa njema na njia ndiyo iliyoharibika. Kinga iliyopo ni alama ya uhakiki, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili, na ambao hubadilika wote hata kama nukta moja ya faili imeguswa. Watengenezaji wengi huichapisha alama hiyo karibu na faili la kupakua, na Windows ina amri ya kuikokotoa bila kuhitaji kitu kingine. Fundi akiiandika alama hiyo kwenye daftari, mtu wa nne aliyepokea flashi anaweza kuthibitisha kwamba alichopokea ndicho kilichotoka kwa mtengenezaji. Utaratibu huu haugharimu hata MB moja kwa mpokeaji, na hautumiki karibu popote, labda kwa sababu haujafundishwa.

Suala la kuoana na mafaili ya ofisi limepungua uzito kuliko mafundi wanavyodhani. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu kupitia OLAMS, huduma za watumishi wa umma kupitia ESS na zabuni za serikali kupitia NeST hufanyika ndani ya kivinjari, ambacho ni kilekile katika Windows na katika Linux. Barua inayohitaji kufika bila kuhama mstari inaweza kutumwa kama PDF, ambayo LibreOffice huitengeneza kwa kubofya mara moja. Panapobaki ugumu wa kweli ni pale faili linapozunguka kati ya watu kadhaa wanaolirekebisha, kama ripoti ya shule yenye majedwali mengi.

Mizani

Hoja ya mazoea ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa mwenye kompyuta hizo, kuchagua kilichozoeleka sasa ni kuchagua mfumo unaozidi kuchakaa kila mwezi, au kulazimisha toleo jipya kwa njia ambazo mtengenezaji hazitambui. Linux Mint huridhika na GB 2 za kumbukumbu na huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, kwa hiyo suala la printa hujulikana kabla ya uamuzi, si baada yake.

Hata hivyo haifuati kwamba kila nyumba ihamie Linux. Kwa kompyuta inayopokea masasisho halali ya Windows, kuiacha ilivyo, kutegemea kingavirusi iliyomo ndani yake badala ya kupakua nyingine, na kuongeza LibreOffice, Firefox, VLC na 7-Zip ni njia yenye gharama ndogo na usumbufu mdogo. Kwa kompyuta ya zamani iliyovunjwa kufuli, Linux ina uzito zaidi, mradi kuna fundi aliye karibu anayeifahamu. Penye steshenari inayoishi kwa kazi za Word na printa isiyo na kiendeshi, leseni ya kulipia inaweza kuwa gharama halali ya biashara kama ilivyo wino na karatasi, na kuikwepa ni kuihamishia gharama hiyo kwa mteja ambaye flashi yake itarudi nyumbani na kirusi.

Kinacholegalega katika mpango wote ni masasisho, kwa kuwa hakuna leseni inayoyabeba hadi mpakani. Flashi moja ya GB 16 inatosha kubeba Linux Mint, visakinishi kamili vya programu hizo nne, Wikipedia ya Kiswahili inayosomwa bila mtandao kwa programu ya Kiwix, na ukurasa mmoja wa alama za uhakiki. Ikijazwa upya Kibondo mjini kila mwezi na kupanda Mabamba kwa bodaboda pamoja na mizigo mingine, hakuna haki ya mtu itakayokuwa imevunjwa njiani. Linalobaki kuamuliwa na fundi na wateja wake ni nani atakayelipa bando la kuijaza.